Agosti au Desemba: msitu upi, msimu upi?

SWALI

Assalaam alaykum washauri wetu,

Mimi ni mkazi wa Muyeye, hapa Malindi. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kidogo kidogo na sasa tunataka watoto wakaone msitu wa mvua kwa macho yao. Tumewaza Kakamega, Magharibi mwa Kenya. Binti yetu ana miaka 14, yuko klabu ya mazingira shuleni na vipepeo vimemkaa kichwani. Mdogo wake ana miaka 10, yeye haja yake ni kima tu. Tutakwenda na mama yangu mwenye miaka 66. Tambarare anatembea vizuri, ila magoti humuuma akishuka mteremko.

Kinachotugonganisha ni mwezi. Mume wangu ni mvuvi wa chombo kidogo. Kusi likikaza hatoki, kwa hiyo Agosti yuko nyumbani na shule zimefunga. Anasema masika yatakuwa yamekwisha, hapa kwetu Agosti ni upepo na manyunyu tu, basi na bara kutakuwa vivyo hivyo. Desemba kaskazi inaingia, bahari inatulia, na kuacha kazi siku nane wakati huo ni hasara kwetu. Jirani yetu mzaliwa wa Shinyalu, karibu na msitu huo, anapinga: kwao Agosti mvua ni kila siku, tungoje Desemba. Na yuko mwingine anayetuambia tusijisumbue, msitu wa mvua hunyesha mwaka mzima.

Siku zetu ni nane, kwenda na kurudi. Tumsikilize nani, na tujiandae vipi?

Mama Wawili, Muyeye

JIBU

Wa alaykumu salaam, dada yetu.

Jirani yako wa Shinyalu amesema kweli kuhusu kwao. Mumeo naye hakukosea kuhusu bahari yake, ila kalenda ya bahari haifiki Kakamega. Kabla ya kuuliza mwezi, ulizeni kwanza msitu mnaokwenda unaletewa mvua na nini. Mkilijua hilo, huenda Agosti yenu ikafaa vizuri sana, lakini katika msitu mwingine.

Malindi huishi kwa pepo mbili. Kusi likiingia Aprili huja na masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Kuanzia Julai kunabaki manyunyu ya mchoo. Vuli hupita Oktoba na Novemba, kisha kaskazi hukausha hadi Machi. Kakamega iko mbali na pepo hizo. Iko mita 1,500 hadi 1,600 juu ya bahari, Ziwa Viktoria liko upande wake wa kusini-magharibi na miinuko ya Nandi upande wa mashariki. Mchana nchi kavu ikipata joto, hewa yenye unyevu wa ziwa huvutwa kuelekea bara, hukutana na hewa nyingine kwenye miinuko, hupanda na kugeuka mawingu ya radi. Katikati ya mwaka huongezeka hewa yenye unyevu kutoka magharibi, upande wa Kongo. Ndiyo maana wakati Malindi inapumzika na mvua, Kakamega inaingia kilele chake cha pili, Agosti na Septemba. Cha kwanza ni Aprili na Mei. Kwa mwaka hupata karibu milimita 2,000, takriban mara mbili ya Malindi. Miezi yenye nafuu ni Desemba, Januari na Februari, na hata hiyo si mikavu kabisa.

Huyo aliyewaambia hakuna haja ya kuchagua amechanganya mambo mawili. Ni kweli hakuna mwezi usio na mvua. Lakini kati ya mvua moja kwa wiki na mvua ya kila alasiri kuna tofauti kubwa kwa mtu mwenye magoti mabovu. Njia za Kakamega ni udongo mwekundu wenye mizizi iliyotokeza. Ukilowa, udongo ule hunata kwenye soli, soli inakuwa laini kama sabuni, na hatua ya kuteremka ndiyo inayoangusha watu. Mama hatakwama kwenye kupanda, atakwama kwenye kurudi. Kwa hiyo mwezi tunauchagua kwa kumtazama yeye kwanza, halafu vipepeo.

Ushauri wetu ni huu. Ikiwa baba lazima awepo na Desemba haiwezekani, acheni Kakamega kwa sasa na nendeni Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Mkoa wa Tanga, Tanzania. Ikiwa moyo wenu uko Kakamega na si penginepo, basi iwe wiki mbili za mwanzo za Desemba. Tungeulizwa sisi, kwa familia yenu kama mlivyoieleza, tungechagua Amani mwezi Agosti.

Amani nayo ni msitu wa mvua hasa. Hupata mvua inayokaribiana na ya Kakamega, lakini milima yake inatazama Bahari ya Hindi, kwa hiyo inafuata pepo zile zile anazozijua mumeo. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kisha za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba hupoa na kupungua, na Januari na Februari hupungua tena. Agosti mtakuta ukungu wa asubuhi na rasharasha, kwa sababu kusi hugonga mlima na kupanda. Mvua ya kuwafungia ndani siku nzima si ya kawaida wakati huo. Kumbukeni tu kwamba Desemba mambo hupinduka, vuli huwa haijaisha Amani ilhali Kakamega inakauka. Mtu akiwaambia "Desemba ni mwezi mzuri wa misitu", mwulizeni msitu upi.

Binti yenu hatapoteza. Katika vijiji vya jirani na hifadhi kuna ufugaji wa vipepeo, kazi ya aina ile ile inayofanywa Gede na mradi wa Kipepeo tangu 1993, kwa hiyo hata siku ya ukungu ataona kiwavi, pupa (kiwavi aliyejifungia ndani ya ganda) na kipepeo anayetoka. Msituni kwenyewe Agosti si kilele cha vipepeo. Vipepeo huongezeka wiki chache baada ya mvua kushika, kwa kuwa viwavi hutaka majani machanga, na wakubwa hawaruki bila jua. Atazame kwenye uwazi wa njia na kingo za vijito, kuanzia saa 4 asubuhi jua likiingia. Huyo mdogo atapata mbega na kima. Mama atafurahia bustani ya miti ya Amani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902: njia nyingi pale ni pana, na miti mirefu kutoka pande nyingi za dunia huonekana bila kushuka korongo. Kwenye mawe yenye unyevu kando ya vijito hukaa maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya. Watu wengi wameyaona kwenye vyungu madirishani bila kujua kwamba asili ya baadhi yake ni milima hii.

Njia yake ni fupi kwenu kuliko ya Magharibi. Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120, mnavuka feri ya Likoni, mnafuata barabara ya kusini hadi mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga. Laleni Tanga. Msijaribu kupanda Amani jioni ya siku ile ile, kwa sababu kutoka Muheza ni kilomita kama 35 na sehemu ya mwisho ni barabara ya udongo yenye kona kali. Ukungu wa jioni ukishuka dereva haoni ukingo. Asubuhi yake nendeni Muheza na mpande mchana kungali kweupe. Siku mbili za kwenda na mbili za kurudi zinawaachia siku nne, na hizo zinatosha.

Karatasi ndizo huwaangusha wengi mpakani. Kila mmoja, watoto wakiwemo, awe na pasipoti au pasi ya muda ya Afrika Mashariki kutoka ofisi ya Uhamiaji. Kila mmoja pia awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano na siku hizi ni ya maisha, kwa hiyo kuchanja juzi na kusafiri leo hakusaidii. Kwa mama, kwa umri wake, mwoneni daktari kwanza kabla ya kuchanjwa, kwa sababu waliovuka miaka 60 hupimwa faida na hatari zake. Daktari akiona isimfae, amwandikie cheti cha msamaha.

Sasa Kakamega, kwa kuwa huenda mkaamua kungoja. Sehemu mbili ndizo wageni huenda. Upande wa kaskazini ni Buyangu, hifadhi iliyo chini ya Shirika la Wanyamapori, na upande wa kusini ni Isecheno, chini ya Shirika la Misitu. Buyangu kuna kilima cha kutazamia msitu na maporomoko ya mto Isiukhu. Isecheno kuna miti mikubwa karibu na njia, na kilima cha Lirhanda. Kwa mama tungeanza na Isecheno, maana miti, mbega na ndege huonekana kwenye njia za karibu na vituo. Kilima wapande wenye magoti mazima. Kakamega ndipo pia mahali rahisi Kenya kumwona yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, na hondohondo weusi kwa weupe ambao mbawa zao husikika kabla hawajaonekana. Msitu huu ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya aina ya Kongo, ndiyo maana una viumbe wasioonekana kwingine nchini.

Jambo moja linaamua safari yenu zaidi ya mwezi, nalo ni saa. Mvua ya pwani mara nyingi huja usiku au alfajiri. Ya Kakamega huja alasiri. Asubuhi hupambazuka safi, mawingu hujijenga kuanzia saa 6, na kati ya saa 8 na saa 11 hunyesha, mara kwa radi na mvua ya mawe. Basi muwe njiani saa 12 na nusu, mrudi saa 5 au 6, mle, mlale kidogo, na jioni mvua ikikatika mtoke tena karibu na makazi. Msisahau pia kwamba jua huko huchomoza dakika 20 hivi baada ya Malindi. Saa 12 kamili ndani ya msitu bado ni giza na hamtaona kitu. Mkilazimika kwenda Kakamega Agosti, ratiba hii ndiyo itakayowaokoa. Asubuhi nne za Agosti kwa kawaida huwapa mbili au tatu nzuri, mradi msiache matembezi ya maana hadi siku ya mwisho.

Chini ya majani mvua hudanganya. Matone ya kwanza hushikwa na majani ya juu, kwa hiyo unasikia mvua kwa muda kabla hujalowa, na watu huendelea kutembea wakidhani ni ndogo. Inapokatika huko juu, chini huendelea kudondoka nusu saa nyingine. Kigezo ni sauti ya radi. Ukiisikia, hata kwa mbali, shuka kilimani na urudi. Na usijikinge chini ya mti uliokauka, kwa sababu matawi yake huanguka upepo unaotangulia mvua ukivuma.

Desemba ina kasoro zake. Kuanzia katikati ya mwezi watu wa Magharibi hurudi nyumbani kwa Krismasi, nauli za mabasi hupanda na tiketi za treni ya Mombasa kwenda Nairobi huisha mapema. Mwanzo wa Januari msongamano ule ule hugeuka upande wa kurudi. Ndiyo sababu tumesema wiki mbili za mwanzo. Kutoka kwenu ni Malindi, Mombasa hadi kituo cha Miritini, treni hadi Syokimau, kulala Nairobi, na siku ya pili basi la Kakamega, mwendo wa saa 8 au zaidi. Kwa mama, safari ya mchana ni bora kuliko basi la usiku, kwa sababu magoti yaliyokunjwa usiku kucha hayatembei msituni siku inayofuata.

Kasoro nyingine ni miaka ambayo vuli hugoma kuondoka. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu wa magharibi, au El Niño ikiwepo, mvua za Oktoba hadi Desemba huzidi. Mwaka 2019 ziliendelea hadi Januari, na 2023 zilileta mafuriko makubwa. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Oktoba hadi Desemba kabla msimu haujaanza. Usomeni kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa. Utabiri wa simu wa siku saba nao una namna yake ya kusomwa: kwa Kakamega utaonyesha picha ya wingu na radi karibu kila siku. Msitazame picha, tazameni saa na milimita. Milimita 4 saa 10 jioni si sababu ya kuahirisha; milimita 15 kuanzia asubuhi ni sababu.

Vitu vya kubeba ni vile vile kwa misitu yote miwili, na kinachowashangaza watu wa pwani ni baridi. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hadi 7, hivyo Kakamega usiku hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na Amani huwa baridi pia kwa ukungu. Kila mtu awe na sweta moja nzito. Suruali ziwe mbili nyepesi za kitambaa kinachokauka haraka. Jinzi na kanga za pamba zikilowa hazikauki siku nzima kwenye unyevu ule, na nguo mbichi ikifungiwa begini siku mbili huota kuvu. Koti la mvua lifike magotini. Mwavuli uacheni nyumbani, hunasa kwenye matawi na hukuzuia kutazama juu, ambako ndiko kima waliko. Watoto wavae gambuti. Mama asivae, kwa kuwa hazishiki kifundo. Yeye anunuliwe kiatu chepesi cha kufunga kamba chenye meno marefu chini, akivae nyumbani wiki mbili kabla, na awe na fimbo ya urefu wa kiuno.

Soksi ziwe ndefu, jozi tatu kwa kila mtu, na suruali iingizwe ndani ya soksi. Sababu ni siafu. Baada ya mvua huvuka njia kwa safu, na anayesimama juu yao akitazama ndege hushtuka wakiwa mapajani. Dawa ni kutoka kwanza kwenye safu, hatua kumi hivi, ndipo uwatoe mmoja mmoja. Kuwapangusa ukiwa umesimama pale pale kunawapandisha wengine. Msiruke gogo bila kutazama upande wa pili, kwa sababu moma hujilaza kwenye majani makavu na rangi zake humficha kabisa. Chandarua na dawa ya kupaka mbebe hata kama mmezoea mbu wa Malindi, na mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Maji wekeni kwenye chupa za kudumu, lita moja na nusu kwa mtu kwa asubuhi moja. Kenya ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, ndani ya hifadhi na misitu ya taifa tangu 5 Juni 2020, na Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 1 Juni 2019. Nguo mlizozifunga begini kwa karatasi za nailoni zitawaletea usumbufu mpakani. Tumieni mifuko ya turubai. Ada za Buyangu hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, si taslimu, na bei ya raia hupatikana kwa anayeonyesha kitambulisho.

Kabla ya yote hayo, fanyeni majaribio ya asubuhi moja Arabuko-Sokoke kupitia lango la Gede, kilomita kama 20 kutoka kwenu. Ule ni msitu mkavu wa pwani, si msitu wa mvua, hivyo msiupime kwa kile mtakachokiona Amani. Lakini viatu vya mama, darubini ya binti na subira ya mdogo wake vitajulikana pale kwa gharama ya nauli ya matatu.

Na mkishaamua mahali, wiki moja kabla ya kuondoka mpigieni simu mwongoza wageni wa huko na mumwulize swali moja: mkuyu gani una matunda sasa hivi? Mikuyu haizai kwa pamoja wala kwa msimu mmoja. Kila mti una zamu yake, na ule uliozaa huita kima, hondohondo na ndege wengine wala matunda kuanzia alfajiri. Akishawatajia mti, mkae chini yake asubuhi mbili, mama akiwa na kigoda chake, badala ya kuzunguka msitu mzima mkiwatafuta.